Kati ya Fritz Pollard na Art Shell, nani alitangulia?

SWALI: Mwanangu anasoma sekondari hapa Columbus, Ohio, na amepewa kazi ya kuandika juu ya Fritz Pollard. Kitabu chake kinasema Pollard alikuwa kocha wa kwanza mweusi katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani wa kulipwa, mwaka 1921. Mimi nakumbuka vizuri kwamba mwaka 1989 aliyetangazwa kwa kishindo kuwa kocha wa kwanza mweusi alikuwa Art Shell wa timu ya Raiders. Nani mkweli? Halafu huyo Pollard alikuwa mchezaji au kocha? Na kama kweli alikuwa mkubwa kiasi hicho, mbona hatukuwahi kumsikia?

JIBU: Mzazi mwenzangu, kitabu cha mwanao kiko sahihi. Pollard alitangulia, tena kwa miaka 68. Art Shell alikuwa wa kwanza katika zama hizi tunazoziita za kisasa, na walioandika kwa uangalifu mwaka 1989 waliliweka hilo wazi. Wengine walilidondosha, ikabaki "wa kwanza" peke yake, na ndiyo uliyoisikia wewe na wengine wengi.

Kuhusu mchezaji au kocha: alikuwa vyote viwili, katika mechi moja, ndani ya jezi moja. Hapo ndipo pagumu kwa mtu aliyezoea NFL ya leo, yenye kocha anayetembea pembeni ya uwanja na vifaa vya mawasiliano kichwani, kwa hiyo nianzie na ligi yenyewe.

Septemba 17, 1920, wamiliki wa timu walikutana katika mji wa Canton, Ohio, ndani ya duka la magari la Ralph Hay, mwenye timu ya Canton Bulldogs. Waliunda chama cha timu za kulipwa, ambacho mwaka 1922 kilichukua jina la NFL. Kwa urais walimchagua Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki ya 1912, kwa sababu jina lake lilivuta watu. Ada ya kujiunga ilipangwa kuwa dola 100. Wakati huo mpira wa Kimarekani wenye heshima ulikuwa wa vyuo vikuu, unaochezwa Jumamosi mbele ya maelfu ya watu. Wa kulipwa ulichezwa Jumapili, siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa viwandani, na waungwana wengi waliuona ni mchezo wa wahuni.

Ukitaka kuielewa ligi ile, fikiria ligi zetu za mchangani. Kila timu ilijitafutia mechi zake yenyewe, kwa hiyo idadi ya mechi haikulingana. Mchezaji angeweza kuonekana na timu moja wiki hii na nyingine wiki ijayo. Timu ilizaliwa Septemba, na ikifika Desemba mweka hazina anatafutwa.

Uwanjani, wachezaji 11 walewale walishambulia na kulinda, dakika zote 60. Kubadilisha wachezaji kulikuwa na masharti makali, na kocha aliyeko nje hakuruhusiwa kuwaelekeza vijana wake mechi ikishaanza. Angefanya hivyo, timu iliadhibiwa. Matokeo yake, kocha aliyetaka kuwa na maana yoyote siku ya mechi ilimbidi awe ndani, akicheza. Timu nyingi ziliongozwa na kocha mchezaji. George Halas wa timu ya Decatur Staleys alikuwa hivyo, Jim Thorpe alikuwa hivyo, na Pollard alikuwa hivyo. Wanaosema Pollard hakuwa kocha wa kweli kwa sababu alikuwa mchezaji, waulizwe kama wako tayari kumfuta na Halas.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa Chicago, Januari 27, 1894, katika mtaa wa Rogers Park, ambako familia za watu weusi zilihesabika kwa vidole. Wazazi walimpa jina la Frederick Douglass, yule mpigania uhuru aliyetoroka utumwani. Majirani wa Kijerumani ndio waliozoea kumwita Fritz. Baba yake alikuwa kinyozi, aliyewahi kupigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe upande wa Kaskazini. Mama yake alikuwa mshonaji. Ilikuwa familia ya watu waliosimama imara: dada yake Naomi alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuhitimu Chuo Kikuu cha Northwestern, na kaka yake Leslie alicheza mpira chuo cha Dartmouth. Nayataja haya kwa sababu kuna mazoea ya kuwasimulia wanamichezo weusi wa zamani kana kwamba wote waliokotwa shambani. Pollard alikulia kwenye nyumba yenye vitabu na yenye matarajio.

Umbo lake halikutisha. Alikuwa na urefu wa sentimita 175 hivi na uzito wa kilo 75, mdogo hata kwa vipimo vya enzi hizo. Silaha yake ilikuwa chenga. Alikimbia na mpira, akabadilisha mwelekeo ghafla, na mabeki wakabaki wanakumbatiana wenyewe. Mwaka 1915 aliingia Chuo Kikuu cha Brown, jimbo la Rhode Island, ambako alijipatia fedha kwa kuwapigia pasi nguo wanafunzi wenzake. Wenzake kwenye timu hawakumpokea kwa mikono miwili. Walibadilika walipomwona akicheza. Timu iliposafiri kwenda California kwa ajili ya Rose Bowl, mechi maarufu ya timu za vyuo, ya Januari 1, 1916, hoteli moja ilikataa kumpa chumba. Kocha msaidizi akasema kama yeye halali hapo, hakuna wa timu atakayelala hapo, na chumba kikapatikana. Mechi ilichezwa kwenye matope, mazingira mabaya kuliko yote kwa mpiga chenga, na Brown ikafungwa 14–0 na Washington State. Lakini Pollard alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza Rose Bowl.

Novemba ya mwaka huohuo ndiyo ilimfanya awe jina la taifa. Kwa wiki mbili mfululizo Brown iliifunga Yale 21–6, kisha Harvard 21–0. Brown haikuwahi kuzifunga zote mbili katika msimu mmoja, na Pollard ndiye aliyewasumbua. Walter Camp, ambaye kikosi chake bora cha mwaka kilihesabiwa kama hukumu ya mwisho, alimweka ndani ya kikosi hicho. Kabla yake mtu mweusi aliyewahi kuingia alikuwa mmoja tu, William Henry Lewis wa Harvard, miaka ya 1892 na 1893.

Kisha vita vya dunia vikaingilia kati. Alifanya kazi ya mazoezi ya viungo jeshini, huko Camp Meade, Maryland, na akawa kocha wa Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kilekile walichokuja kusoma baadaye Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah. Kwa hiyo kabla hajaigusa ligi ya kulipwa alikuwa tayari ameshafundisha timu. Jambo hili husahaulika kila mtu anapokazania miguu yake.

Mwaka 1919 alikwenda Akron, Ohio, kuchezea timu ya kulipwa ya mji huo. Nadhani mwanao ataelewa vizuri zaidi akijua Akron ilikuwa mji wa namna gani. Ulikuwa mji wa mpira wa magurudumu, wa Goodyear, Firestone na Goodrich. Viwanda vilihitaji watu, na maelfu ya wazungu maskini walimiminika kutoka majimbo ya kusini, wakaja na chuki zao. Pollard mwenyewe alisema baadaye kwamba Akron ya siku zile haikutofautiana na Mississippi. Hakubadilishia nguo pamoja na wenzake. Alivalia jezi kwenye jengo la biashara ya sigara la Frank Nied, mmoja wa wamiliki wa timu, halafu gari likamchukua na kumpeleka uwanjani dakika za mwisho. Alizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe.

Ndani ya uwanja hatari ilikuwa kubwa zaidi. Mchezaji akishaanguka, wapinzani walimrukia makusudi, goti likiwa mbele, wakitafuta mbavu. Pollard alitunga dawa yake: akianguka tu, alijigeuza chali na kuinua miguu juu, daluga zikiwaangalia wanaokuja. Anayetaka kumrukia alilazimika kwanza kufikiria meno yake. Hakuwa mtu wa kupigana, kwa sababu alijua angepigana mara moja tu, ungetolewa ushahidi kwamba watu weusi hawafai kwenye ligi.

Msimu wa 1920 ndio kilele chake, na kama mwanao ana nafasi ya ukurasa mmoja tu, auweke hapo. Akron Pros walicheza mechi 11 za ligi, wakashinda 8, wakatoka sare 3, hawakufungwa hata moja. Msimu mzima waliruhusu pointi 7. Waliifunga Canton ya Jim Thorpe mara mbili, 10–0 na 7–0. Desemba 12 walikutana Chicago na Decatur Staleys wa Halas, timu ambayo leo inaitwa Chicago Bears. Kwa mechi hiyo moja Halas aliazima nyota wa timu nyingine, Paddy Driscoll wa Chicago Cardinals, akamvisha jezi yake bila aibu yoyote. Ilimalizika 0–0. Halas alidai ubingwa hata hivyo, lakini mwezi Aprili 1921 wamiliki walipokutana waliwapa kombe Akron. Pollard akawa bingwa wa kwanza wa ligi hiyo pamoja na wenzake. Mchezaji mwingine mweusi katika msimu huo wa kwanza alikuwa Bobby Marshall wa Rock Island.

Mwaka 1920 aliyeandikwa kuwa kocha alikuwa Elgie Tobin. Pollard alisimulia kwamba alipofika alikuta mipango ya uchezaji imepitwa na wakati, akawafundisha ile aliyoijua Brown, na mara wakaanza kushinda. Ni maneno yake mwenyewe, na hakuwa mtu wa kujishusha, lakini mwaka uliofuata uongozi wa Akron ulimpa nafasi rasmi ya kuwa kocha pamoja na Tobin. Msimu huo wa 1921 walishinda 8, wakafungwa 3, sare moja. Huo ndio mwaka uliomo kwenye kitabu cha mwanao. Mtu mweusi akiwaamuru wazungu kazini, Marekani, mwaka 1921: mwanao asiipite sentensi hiyo haraka haraka.

Msimu huohuo alimleta Akron rafiki yake Paul Robeson, aliyekuwa akisoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia na kucheza mpira siku za mwisho wa wiki ili alipe ada. Ndiyo, Robeson yule mwimbaji. Na hapa nijiruhusu kuchepuka kidogo, kwa kuwa linatuhusu: mpira ulipoisha Robeson alikwenda London, na katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili pale chuo cha lugha za Mashariki na Afrika. Katika filamu aliyoigiza huko, iliyotoka mwaka 1935, mmoja wa waigizaji wa ziada alikuwa Jomo Kenyatta.

Baada ya Akron, maisha ya Pollard kwenye ligi yalikuwa ya kuhamahama. Mwaka 1922 alikwenda Milwaukee Badgers pamoja na Robeson, na Duke Slater, mchezaji mwingine mweusi, naye akapita hapo. Mwaka 1923, akiwa Hammond Pros ya Indiana, alicheza nafasi ya kwotabeki, yule anayepokea mpira na kupanga shambulizi, na anatajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika NFL. Utakuta orodha zinazompa ukocha wa Hammond kwa misimu kadhaa. Mimi nisingeusisitiza, maana majukumu hayakugawanywa waziwazi na timu yenyewe ilikuwa ya kusafiri tu. Ushahidi wa Akron unatosha. Alicheza pia nje ya ligi, kwa timu ya Gilberton, kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, ambako mashabiki walirusha zaidi ya matusi. Mwaka 1925 alipita Hammond, Akron na Providence, zote msimu mmoja. Mwaka 1926 alirudi Akron, na huo ukawa mwisho wake katika NFL, akiwa na umri wa miaka 32.

Sasa swali lako la mwisho, mbona hatukumsikia. Sababu ya kwanza ni ya kikarani. NFL ilianza kuweka takwimu rasmi mwaka 1932. Maisha yote ya Pollard kwenye ligi yako kabla ya hapo. Mtu anayetaka kujua alikimbia yadi ngapi hapati jedwali. Inambidi asome magazeti ya Akron na Hammond ya karne iliyopita, na magazeti hayo yalitofautiana hata kwenye nani alifunga. Mchezo huu unapenda namba kupita kiasi, na asiye na namba huwekwa pembeni.

Sababu ya pili ni nzito. Kati ya 1920 na 1933 wachezaji weusi 13 walicheza NFL. Wawili wa mwisho walikuwa Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuwapo hata mmoja. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Wamiliki waliulizwa, na kila mmoja alikana kwamba kulikuwa na makubaliano. Wanahistoria wengi humtaja George Preston Marshall, aliyeingia kwenye ligi mwaka 1932 na timu ya Boston, ambayo baadaye aliihamishia Washington. Pollard yeye alimlaumu Halas hadi mwisho wa maisha yake, na Halas alikana. Mimi naona kumtafuta mwovu mmoja kunawapa nafuu wengine. Timu ilihitaji mchezaji mzuri, mchezaji mzuri yupo, na kwa misimu 12 hakuna mmiliki hata mmoja aliyemchukua. Hiyo haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1946, timu ya Rams ilipohamia Los Angeles na kutaka kuutumia uwanja wa umma wa Coliseum. Waandishi weusi wa mji ule waliuliza kwa nini uwanja uliojengwa kwa kodi ya watu wote utumiwe na timu inayobagua. Rams wakamsajili Kenny Washington, kisha Woody Strode. Timu ya Marshall ilingoja hadi mwaka 1962. Kufika hapo hakuna mchezaji kijana aliyebaki ambaye alimwona Pollard akicheza, na watu walianza kuhesabu historia upya kutoka 1946. Ukishahesabu hivyo, Shell wa 1989 anakuwa wa kwanza bila mtu kusema uongo wa makusudi.

Pollard hakukaa kulia. Mwaka 1928 aliunda timu ya wachezaji weusi mjini Chicago, Chicago Black Hawks, iliyocheza hasa majira ya baridi huko California dhidi ya timu za wazungu, hadi hali ngumu ya uchumi ilipoimaliza. Mwaka 1935 alichukua ukocha wa Brown Bombers wa Harlem, New York, timu iliyobeba jina la utani la bondia Joe Louis. Aliwaomba New York Giants mechi, hakupewa. Nje ya mpira alianzisha kampuni ya uwekezaji ya watu weusi, iliyofilisika katika mdororo ule, akauza makaa, akaendesha gazeti la New York Independent News, akawa wakala wa wasanii, akatengeneza filamu, na uzeeni akawa mshauri wa kodi. Ni mtu wa biashara aliyewahi kucheza mpira, ukimpima kwa miaka. Mwanawe, Fritz Pollard mdogo, alileta medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Berlin ya 1936, mbio za mita 110 kuruka viunzi.

Jumba la heshima la mpira wa vyuo lilimpokea mwaka 1954. Lile la wachezaji wa kulipwa, lililofunguliwa mwaka 1963 huko Canton, mji uleule wa duka la magari, lilianza na Thorpe na Halas. Pollard alikufa Mei 11, 1986, akiwa na miaka 92, miaka mitatu kabla ya Shell kupewa Raiders, hajaitwa. Mwaka 2003 lilianzishwa shirika linalodai nafasi za haki kwa makocha na viongozi weusi katika ligi, likachukua jina lake: Fritz Pollard Alliance. Mwaka 2005 jumba la Canton lilimwingiza hatimaye, pamoja na Benny Friedman, Dan Marino na Steve Young, wote watatu makwotabeki. Kutoka Columbus kwenda Canton ni safari ya gari ya saa mbili hivi, na ndani ya jumba hilo kuna sanamu ya kichwa cha kila aliyeingizwa, ya Pollard ikiwemo. Mwanao akiweza, aende akaione kabla hajakabidhi kazi yake.